Tulivyomfanyia mgombea urais posa pale Nshamba

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, na ninyi wengine wote marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Nimeona uzi wa jirani mnalumbana kwamba vijana wa leo wanapiga kura bila kuwajua wagombea urais. Mmoja kaandika eti "zamani watu walikuwa serious." Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuangalia kama bibi yake yuko salama.

Ngoja niwape yaliyonikuta. Ni kweli tupu, na chumvi niliyoweka ni ya kuonja tu.

Ilikuwa miaka ya sabini, mkoa wetu bado unaitwa Ziwa Magharibi. Nimemaliza form six, niko kwetu Nshamba nauza sukari na sabuni kwenye duka la ushirika. Sukari ikiwepo, lakini.

Enzi hizo chuo kikuu huendi moja kwa moja. Unafanya kazi kwanza, halafu tawi la chama linakaa kikao kusema kama una tabia njema. Likikukataa, umekwisha.

Na mimi chuo nilikitaka jamani! Tena baba alishaanza kupokea wageni wenye vijana wa kuoa. Nikiona mtu anaingia kwetu na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, homa inanipanda.

Katibu wa tawi alikuwa Ta Rweyendera. Hiyo "Ta" kwetu Wahaya ni heshima, kama mnavyosema Mzee. Mfupi, koti zito hata jua likiwaka, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka.

Siku moja akaja dukani.

"Wewe si umesoma? Kuna vijana wanapiga kura mara ya kwanza. Wafundishe wamjue mgombea urais. Mkubwa atakuja kutoka Bukoba kuwaangalia. Ukifanya vizuri, kikao cha kukupendekeza kiko wiki inayofuata."

"Na nikifanya vibaya, waitu?" nikamuuliza; waitu kwetu ni kumwita mtu kwa heshima.

"Kikao kiko wiki hiyohiyo."

Sasa ninyi wa juzi, eleweni kitu. Mgombea alikuwa mmoja. Karatasi ya kura upande huu ina picha yake na Ndiyo, upande ule kuna kivuli cheusi na Hapana. Basi. Sasa unafundisha nini hapo?

Tukakusanyika kwenye ghala la kahawa. Nikaanza kusoma: mgombea kazaliwa wapi, kasoma wapi, kafanya nini. Dakika chache tu nusu ya darasa wamelala juu ya magunia.

Ndipo Koku akanyoosha mkono. Koku alikuwa binti wa jirani yetu, mdomo kama wembe.

"Dada, huyu ni wa ukoo gani? Na muziro wake nini?"

Muziro ni kile ambacho ukoo wenu hauli. Kwetu kama hujaujua muziro wa mtu, humjui, hata kama mmekula naye miaka. Na hapo wote wakaamka. Kibanja chake kina migomba mingapi? Akilewa anatukana? Ana dada zake wangapi, na wanamsemaje?

Nikasema, ala! Hawa wanamchunguza kama mkwe!

Basi nikaacha karatasi zangu. Nikawaambia, sawa, tufanye posa. Nchi ndiyo binti. Mgombea ndiye mposaji. Chama ndicho mshenga. Ulizeni mnachotaka kabla hamjamtoa binti.

Wakuu, mwalimu gani amewahi kupata darasa kama lile! Siku zilizofuata vijana walitoka mpaka njia ya Rubya kuja kuuliza. Akikosea, anaambilika? Mara ya kwanza alipokuja aliahidi nini, na alitimiza? Akiugua, binti atabaki na nani?

Hilo la mwisho, hata leo sina hakika kama kuna aliyekuwa na jibu lake.

"Na huyu Kivuli?" Koku akauliza. "Hana sura, hana ukoo, hajaleta hata kibuyu kimoja. Bojo, jamani, huyu kaja kutuharibia shughuli tu."

Ta Rweyendera akaja siku moja kukagua. Nikamwambia, karibu mshenga, ukae hapa mbele. Alikunja uso, akakaa. Walimhoji mpaka koti akalivua. Kesho yake akarudi bila kuitwa, kajiandalia majibu. Nikajua hapa chuo nimeshakiona.

Siku ya mkubwa ikafika. Kashuka kwenye Landrover, mtu wa mikoa ya mbali, Kihaya hajui hata cha salamu. Tukafanya kura ya mazoezi mbele yake. Madebe mawili nyuma ya kanga, moja lina picha, jingine nimelipaka mkaa. Kila mtu na punje yake ya buni.

Ta Rweyendera akamwaga debe la Ndiyo. Zikadondoka punje za kuhesabu kwa vidole.

Akamwaga la Kivuli. Zikamwagika kama mvua ya Bukoba kwenye bati.

Yee! Nikamwona mposaji wangu mwenyewe anaingia getini na rubisi yake.

"Hii ni nini?" mkubwa akauliza, taratibu. Ile taratibu ya watu wabaya.

Koku akasimama, wala hana wasiwasi. "Waitu mkubwa, tumemkubali."

"Mmemkubali wapi? Debe zima limejaa Kivuli!"

"Si ndiyo mara ya kwanza? Binti aliyelelewa vizuri akiulizwa mara ya kwanza anakataa. Akikubali palepale, watu watasema kwao kuna njaa. Sisi tulikuwa tunasubiri utuulize tena." Akawageukia wenzake. "Sijui hawa waliokubali haraka wamelelewa na nani."

Kuna kijana mmoja nyuma aliinamisha kichwa kwa aibu.

Mkubwa akamtazama katibu. Hapo ndipo ningeangushiwa jumba bovu. Neno moja tu, "huyu binti kawapotosha," nami nimekwisha. Ta Rweyendera akavaa koti, akafunga vifungo vyote.

"Mkubwa, ni kweli. Hata mama watoto wangu alinikataa mara ya kwanza, mbele ya ukoo mzima. Nilijua kabisa ni desturi. Na bado nililia njia nzima."

Mkubwa alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akashtuka. "Lakini siku ya kura mnaulizwa mara moja tu! Jamani, mara moja! Rudieni!"

Tukarudia. Safari hii debe la Ndiyo likajaa. Katika la Kivuli ikadondoka punje moja.

Koku anatazama paa.

Ta Rweyendera akaiokota ile punje, akaitia mdomoni, akaitafuna. "Wote wamekubali," akasema.

Wiki iliyofuata, kikao. Baba yupo, mimi nimesimama mlangoni. Likasomwa jina langu. Ta Rweyendera akanitazama weee, akasema, "Mimi kama katibu, nasema hapana."

Baba akainamisha uso. Mimi machozi hayo.

Mzee mmoja wa pembeni akakohoa. "Katibu, nakuuliza mara ya pili."

"Aah, mara ya pili? Basi ndiyo. Aende." Na wakuu, Ta Rweyendera akacheka! Meno yote nje! Nililia kwa hasira na furaha pamoja. Nikaenda chuo.

Nilichojifunza: kijana halali kwa sababu hapendi siasa. Analala kwa sababu umemsomea wasifu. Mwache aulize kwa namna anayouliza mambo mazito ya kwao. Sisemi mchague kwa ukoo, msinilishe maneno. Nasema muulize kama watu wanaomkabidhi mtu binti yao.

Mjukuu wangu kura hii ndiyo yake ya kwanza. Wagombea wamejaa tele, si kama sisi. Nimemuuliza atampa nani, kasema yule mwenye wimbo mzuri. Tangu jana hatuongei.

Haya, uwanja ni wenu. Kura yako ya kwanza ulimpa nani usiniambie, hiyo ni siri yako. Niambie tu ulimuuliza nini kabla hujampa.