Vikombe vya Mama Mulwa

Nitasema ukweli mapema: nilimchukia Koki Matheka mwaka mzima, huku nikiendelea kunywa chai yake. Sote tulimwita Mama Mulwa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mpika chai na msafishaji katika nyumba moja ya mawe pale mtaa wa Ziwani, nami, Lela, nilikuwa mpiga chapa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya vikundi vitatu vya haki za binadamu, ingawa mwaka wa 1986 maneno hayo hayakusemwa kwa sauti. Kulikuwa na mawakili waliowatetea watu waliowekwa kizuizini, akina mama waliotafuta jamaa zao, na wapangaji wa mtaa wa Huruma waliobomolewa vibanda. Kila kikundi kilikuwa kimefukuzwa na mwenye nyumba aliyeogopa polisi, ndipo tukakubaliana kukaa chini ya paa moja. Umoja ni nguvu, tuliambiana. Hakuna aliyekumbuka kwamba waliokaa pamoja hukamatwa pamoja.

Sheria yetu ilikuwa moja: jina la mtu lisiandikwe kwenye karatasi. Nilipiga chapa taarifa za mikutano zisizo na jina hata moja, na kila Ijumaa Mama Mulwa alizichoma kwenye jiko lile lile alilochemshia chai.

Basi, watu waliokubaliana juu ya mambo makubwa wakagombana juu ya vikombe. Kila kikundi kilikuja na vyake vya bati, na mawakili wakalaumiwa kwamba wanavinywea vya wapangaji na kuviacha vichafu. Mama Mulwa akachoka na kelele zetu. Alinunua rangi nyekundu ya kucha, akaandika jina la kila mtu kwenye kikombe chake, akavitundika vyote kwenye misumari ukutani jikoni. Ugomvi uliisha siku hiyo hiyo. Tulimsifu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Kisilu alikuwa wa mwisho kuandikwa. Alikuwa mchonga vinyago, mtu mpole wa Huruma, aliyekuja kwenye mikutano ya wapangaji na vumbi la mbao kwenye nywele.

"Mathe, mimi nitakunywa na chochote," alimwambia.

"Hapa hakuna mtu wa chochote," Mama Mulwa akajibu. "Jina yako nani, na ya baba yako?"

Alisita. Nilikuwapo, nikacheka, nikamwuliza kama jina lake linauma. Akalitaja: Kisilu Maingi.

Polisi walikuja Jumanne saa nne asubuhi, wamevaa makoti ya kiraia. Walipekua kabati zote, wakapata majivu. Mkubwa wao alikuwa amekwisha kukata tamaa alipoomba maji ya kunywa. Kwao Mama Mulwa mgeni hanyimwi maji, hata awe adui, kwa hiyo akampeleka jikoni. Yule bwana alikunywa polepole huku akiusoma ukuta. Kisha akaomba gunia.

Walichukua vikombe vyote isipokuwa cha Mama Mulwa. Hicho hakikuwa na jina, nani angekigusa? Ndiyo maana yeye hakukamatwa. Mimi nilikaa ndani siku kumi na mbili, wengine miezi. Kisilu hakurudi.

Tulipofungua nyumba tena tulinywea gilasi. Misumari yetu ilibaki mitupu ukutani.

"Lela, unasikia?" Mama Mulwa alikuwa akiniuliza, amesimama mlangoni pa jikoni. "Vinagongana."

Nilimjibu kwamba ni upepo, ingawa hapakuwa na kitu cha kupeperushwa. Siku nyingine hata mimi nilivisikia.

Ndindi, mama yake Kisilu, alikuja kutoka Kitui kila mwisho wa mwezi kuwauliza mawakili. Kila kituo cha polisi kilikuwa kimemjibu kwamba mtu huyo hawajamwona. Ndindi akiingia kwa mlango wa mbele, Mama Mulwa alitoka kwa mlango wa nyuma, akajificha nyuma ya tangi la maji mpaka aondoke. Hakuna aliyethubutu kumwambia yule mama jinsi mwanawe alivyojulikana na polisi.

"Mwambie," nilimfokea siku moja. "Usipomwambia, nitamwambia mimi."

"Utamwambia na ile ya kucheka?"

Nilirudi kwenye mashine yangu ya chapa.

Mwezi huo Mama Mulwa hakutoka. Alimkaribisha Ndindi jikoni, akamwekea chai, akaeleza yote akiwa amesimama: rangi, misumari, maji, gunia. Nilikuwa mlangoni. Alipofika pale Kisilu aliposita, alisema, "Nilimlazimisha mimi peke yangu."

Kicheko changu hakukitaja, nami nikaiacha kauli hiyo ipite.

Ndindi aliisogeza gilasi pembeni. "Kila ofisi wanafungua kitabu wanasema jina hilo halimo," alisema. "Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama nilizaa. Msumari wake ni upi?"

Mama Mulwa akauonyesha. Mwezi uliofuata Ndindi alikuja na kikombe kipya cha bati. "Andika. Na kila siku saa nne umwekee chai. Hiyo si ya kumrudisha. Ni wewe nataka usisahau."

Mama Mulwa alitii miaka mitatu. Jioni alimwaga chai iliyopoa, akakiosha kikombe, akakirudisha msumarini. Nikisikia maji yanamwagika, niliacha kupiga chapa.

Alifariki mwaka wa 1990, na chai ya saa nne nikaanza kuiweka mimi. Mwisho wa mwezi Ndindi alinikuta nimeshika birika. Alinishukuru, akaniita mwanangu.

Nikaitika.