Kifaa Kisichosoma Ubao

Nakumbuka asubuhi moja pale shuleni Qurus, wilaya ya Karatu, gari la wageni likiwa bado ni vumbi tu kwa mbali, mwalimu mkuu alitoka ofisini mbio na funguo mkononi, akiniita kwa jina nililopewa hapo shuleni: "Mwalimu wa kompyuta! Kifaa kina chaji?"

Nikamwambia kina chaji nusu.

"Nusu inatosha. Wageni hawakai."

Mwanangu, wewe ni mtoto wa dada yangu, lakini nimekuita mwanangu tangu ukiwa unatambaa na sioni sababu ya kuacha leo. Umeniandikia kutoka chuoni kuuliza ni programu gani upakue kwenye kishikwambi chako kabla hujaenda Endulen kwa mazoezi ya kufundisha. Unasema ipo moja inayoandaa somo zima yenyewe, na nyingine inayowasomea watoto kwa sauti. Nimesoma ujumbe wako, nikaiweka simu chini, nikaenda kuchemsha chai. Mjomba wako ni mtu wa kushuku. Hata hiyo simu naishuku. Kwa hiyo kabla sijakujibu habari za programu, acha nikupeleke kwanza Qurus.

Ujana wangu ulichelewa kuisha. Nilikuwa nimepita thelathini, sijaoa, nina shahada ya ualimu ndani ya bahasha na hakuna aliyetaka kuifungua. Ajira za sekondari hazikutoka, nikaenda kujitolea kwenye shule ya msingi. Niliitwa mwalimu wa kompyuta kwa sababu mimi peke yangu nilijua waya wa chaji unaingia upande gani. Usicheke. Watu wamepewa vyeo vikubwa kwa elimu ndogo kuliko hiyo.

Shule yetu ilikuwa jirani na njia ya watu waendao kreta. Wageni wakishaona simba na faru, wengine hupenda waone na watoto. Walikuwa wakija, wanaimbiwa, wanapiga picha, wanaacha kitu: mipira, kalamu, fulana za timu tusizozijua. Siku moja wakaacha tableti, enzi hizo jina la kishikwambi halijatufikia. Ilikuwa ya kumsaidia mtoto asiyeona vizuri. Ukiingiza maandishi ndani yake, inayasoma kwa sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyejifunza lugha akiwa ndani ya ndege, lakini kilieleweka.

Mtoto mwenyewe alikuwa Paskalina, wa darasa la saba. Mama yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa, alikuja kutoka Mbulu akiwa na binti huyo mgongoni. Paskalina alikuwa na uoni hafifu. Aliona, ila kama mtu anayetazama kupitia kioo cha gari kilichorukiwa na matope. Daftari alilileta mpaka puani. Mwalimu wake wa darasa, Madam Theresia, mama mrefu aliyekaribia kustaafu, alikuwa amemweka dawati la mbele kabisa, akimwandikia ubaoni herufi kubwa kama sahani. Yaliyobaki alinong'onezwa na jirani yake, Yuditha. Kwa mtindo huo huo wa kienyeji, Paskalina alikuwa miongoni mwa wanaoongoza darasa.

Na ilimlazimu aongoze. Mama yake alikuwa ameshasema mbele ya walimu, bila kuficha: akifaulu mtihani wa darasa la saba atasoma, akifeli kuna shangazi yake Arusha anatafuta msichana wa kazi.

Sasa ikaja tableti. Betri yake ilikuwa imechoka, ilitaka kuwa kwenye umeme muda wote, na soketi pekee ya darasa lile ilikuwa ukuta wa nyuma. Mwalimu mkuu akaagiza dawati la Paskalina lisogezwe kwenye soketi. Mwanangu, nakuomba ulitazame jambo hili polepole. Mtoto asiyeona ubao alipelekwa mbali na ubao ili awe karibu na kifaa cha kumsaidia mtu asiyeona. Yuditha akabaki mbele. Paskalina akavishwa hedfoni masikioni, na kuanzia hapo hakuna aliyemsemesha, maana alionekana ana shughuli.

Wageni walipofika alitolewa mbele, akabonyeza, kifaa kikasoma, watu wakafuta machozi. Gari lilipoondoka alirudishwa kwenye soketi. Mwezi haukuisha, alama zake zikaanza kushuka.

Mimi nikashuku, kama kawaida yangu. Nikamfuata Madam Theresia chumba cha walimu nikitarajia kupongezwa, kwa kuwa ni mtu mzima na nilidhani watu wazima wote wanachukia mitambo.

"Madam," nikasema, "kile kitu kifungiwe kabatini na ufunguo utupwe chooni."

Alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. "Umemuuliza mwenyewe?"

"Nani?"

"Nani! Si huyo huyo unayemhurumia? Mkuu anakipenda kifaa, wewe unakichukia, na wote wawili hamjakaa na Paskalina hata siku moja mkamsikiliza. Sasa niambie, baba, mna tofauti gani?"

Nilikuwa na jibu zuri sana kuhusu nadharia za ujifunzaji. Nikalimeza na chai.

Tukamwita Paskalina. Alisimama akivuta mkono wa sweta lake. "Sitakasirikiwa?"

"Sema tu, mama," Madam akamwambia.

"Hadithi kinasoma vizuri. Ningekuwa nakwenda nacho nyumbani tungesikiliza na mdogo wangu. Ila darasani hakisomi ubao. Kinasoma yale mwalimu wa kompyuta aliyoyatia. Madam akichora pembetatu, mimi huku nasikiliza sungura wa wiki iliyopita." Akauachia mkono wa sweta. "Halafu, mwalimu, kwenye mtihani nitaingia nacho?"

Madam alinitazama, nami nikamtazama. Shule nzima ilikuwa imekishangilia kile kifaa na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza swali hilo. Jibu lilikuwa hapana. Watoto wa namna yake hupewa mtihani wenye maandishi yaliyokuzwa, ila shule lazima ipeleke majina yao wilayani mapema, na mwisho wa kupeleka ulikuwa Ijumaa ya wiki ile ile.

Tukaenda kwa mkuu. Hakuwa mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Alikuwa mtu wa Singida, mcheshi, anayeongoza shule yenye madirisha yasiyo na vioo, na kila bati jipya juu ya paa lile lilitokana na tabasamu lake kwa wageni.

"Huyu tumeshamsaidia," alisema. "Nikipeleka jina lake, wilayani wataniuliza: si mlipewa kifaa? Na waliokileta watasikia kwamba hakifai. Nani atatuletea kingine?"

"Kwa hiyo mtoto afeli ili wageni wasinune?" Madam akauliza.

"Usinilishe maneno, Madam."

Siku iliyofuata nilipanda bodaboda mpaka Karatu mjini na karatasi za mtihani wa majaribio, ili mkuu aone kwa macho yake maandishi makubwa yanavyomfaa Paskalina. Kijana wa fotokopi akazikuza mpaka mashine ilipogoma kukuza zaidi. Akaishika moja kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

"Mwalimu, hii ni ya darasani au bango la harusi?"

"Ya darasani."

"Msomaji mwenyewe amekaa wapi, Mbulu?"

Tulimrudisha Paskalina dawati la mbele tukampa zile karatasi. Aliziinamia, kidole kikitembea. Yuditha, kwa mazoea, akasogea na kuanza kumnong'oneza swali. Paskalina akamkata: "Yuditha, ninyamazie, nasoma." Madam Theresia akageuka akafuta ubao uliokuwa safi kabisa, akaufuta kwa muda mrefu.

Kazi ile nilimpelekea mkuu mezani, imejibiwa mpaka ukurasa wa mwisho. Akaisoma, akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli, akasema: "Safi sana. Tutaliangalia baada ya wageni wa Alhamisi." Unajua "tutaliangalia" ya ofisini inaishi muda gani.

Alhamisi wageni wakaja. Wimbo ukaimbwa, Paskalina akatolewa, akabonyeza, kifaa kikasoma. Bibi mmoja wa kizungu mwenye kofia pana akachuchumaa mbele yake, akasema neno kwa mwongozaji wao, mtu wa hapa hapa Karatu.

"Bibi anauliza," mwongozaji akatafsiri, "kuna kitu kingine unahitaji?"

Swali hilo lilikuwa na jibu lake, na watoto wote walilijua: kalamu. Mkuu alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Naomba shule inipelekee jina wilayani," Paskalina akasema, "nipate mtihani wa maandishi makubwa. Mwisho ni kesho."

Mwongozaji akamsogelea mkuu na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mkuu, hii niitafsiri?"

Nilimwona mkuu akiangalia paa, akiangalia yale mabati. Jasho lilimtoka na kule kwetu asubuhi ni baridi. Kisha akasema: "Tafsiri. Na uwaambie jina limeshapelekwa."

Wakapiga makofi. Bibi wa kofia akaomba apigwe picha na mwalimu mkuu anayejali watoto. Akapigwa. Gari likaondoka. Mkuu alibaki amesimama uwanjani, watoto wakimpita pande zote, halafu akaniita bila kugeuka: "Mwalimu wa kompyuta. Nitafutie bodaboda. Mwambie aje sasa hivi."

Nimeona uongo mwingi maishani, mwingine nimeuandika mwenyewe kwenye maombi ya kazi. Ule ndio peke yake niliouona ukikimbizwa kwa bodaboda kwenda Karatu ili uwahi kuwa kweli kabla ofisi hazijafungwa.

Nilimuuliza Madam kama ndiye aliyempanga mtoto aseme vile. "Mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa jikoni kwenye uji." Namshuku mpaka leo.

Paskalina alifanya mtihani wake kwa maandishi makubwa na akafaulu. Tableti ikawa ya kwenda nayo nyumbani Ijumaa na kuirudisha Jumatatu, na mdogo wake akaja kuanza shule anajua hadithi zote. Shangazi wa Arusha alimpata msichana wa kazi kwingine. Hilo nalo hunisumbua, kwa sababu na yule ni mtoto wa mtu, na sikupata kujua kama alikuwepo mwalimu wa kumuuliza chochote.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, na uzichukue kama unavyochukua dawa ya mjomba: ukikunja uso lakini umeze.

Kishikwambi kibebe. Sikukatazi, nitaonekana mshamba. Lakini usikiamini kabla hujakaa wewe mwenyewe kwenye dawati la mtoto unayetaka kumsaidia. Kaa hapo kipindi kizima. Tazama ubao ukiwa hapo, sikiliza ukiwa hapo, uone upepo wa Endulen unaingilia dirisha gani na unapeleka wapi sauti yako. Mara nyingi utagundua kwamba kinachohitajika ni kuhamisha dawati, au kuandika herufi kubwa zaidi, au kumpa mtoto rafiki mwenye subira. Ukishafanya hayo na bado kuna pengo, hapo ndipo kifaa kina kazi.

Kifaa chochote kikiletwa darasani kwa shangwe, uliza kimemwondoa nani karibu na mtoto. Uliza kitakuwa wapi umeme ukikatika, na siku ya mtihani, na siku mtoto atakapokuwa machungani na ng'ombe wa baba yake. Ukiambiwa mtoto fulani hahitaji tena kitu anachostahili kwa kuwa ana mashine, shuku, na useme kwa sauti. Haki yake ya mtihani haikuja na wageni wala haiondoki nao.

Ile programu ya kuandaa somo zima, mimi naishuku kuliko zote. Itakuandalia somo zuri la mtoto ambaye haijapata kumwona. Itumie kama unavyomtumia mtu mgeni aliyekuelekeza njia: msikilize, mshukuru, halafu muulize mwenyeji.

Na mwenyeji ni mtoto. Kabla hujakisifu kifaa na kabla hujakilaani, muulize yeye, na umpe muda wa kuvuta mkono wa sweta mpaka apate maneno. Kushuku peke yake hakumfundishi mtu kusoma. Mimi nilikuwa bingwa wa kushuku, na kama si kugombezwa na mama yule ningekuwa bado nimekaa chumba cha walimu na nadharia zangu.

Nenda basi. Mungu akufikishe Endulen salama, barabara isikutoe meno. Akupe nyumba isiyovuja na mkuu wa shule anayesikiliza. Akupe watoto wanaothubutu kuomba wanachokihitaji mbele ya watu, na akupe moyo wa kutowanyamazisha siku watakapokuaibisha. Ukaidi usimwombe. Huo unao tayari, umeurithi upande wa mama yako.