Nabangala na ningu wenye mayai

Saa kumi na mbili asubuhi, Namuwongo, Uganda. Teresa Nabangala amelivuta kasha la samaki hadi kwenye meza yake sokoni, jirani na reli, lakini halifungui. Anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Anatazama njia, anatazama simu, anaketi, anasimama tena.

"Nikikuta mayai humo, sijui nitafanyaje," anasema.

Nabangala, mama wa Dolphine, mwenye miaka arobaini na mmoja, ni Msamia kutoka upande wa Kenya wa mto wa mpakani. Miaka tisa sasa anauza ningu, samaki wa mtoni mwenye miiba mingi na utamu wa kukusahaulisha miiba hiyo. Kaka yake, Masinde, ndiye anayewavua na kumtumia ndani ya barafu. Siku nzuri humwachia shilingi elfu thelathini za Uganda.

Walaji wa ningu wana kipimo chao. Muuzaji humbonyeza samaki tumbo. Mayai yakichungulia, bei inapanda. Asipobonyeza, mteja huyo anakwenda zake.

Mwaka jana mazoea hayo yalimponza. Mwanamume mmoja asiyevaa sare aliuliza kama samaki ni wazuri. Kwa madaha, Nabangala akambonyezea watatu mfululizo. Kumbe ni mkaguzi wa samaki, na ilikuwa miezi ya mvua, ningu wanapopanda mto kutaga na sheria ya Uganda inapokataza kuwauza wenye mayai.

"Nilijishtaki kwa vidole vyangu mwenyewe," anasema, wala hacheki. Alipewa onyo. Akikamatwa tena, meza inachukuliwa.

Sasa ni miezi hiyo tena, lakini ng'ambo ya Kenya, kwa Masinde, marufuku huanza mwezi mmoja baadaye. Mto ni huohuo, samaki ni walewale. Jamani, ningu atajuaje kwamba amevuka mpaka?

Hatimaye anafungua. Anabonyeza wa kwanza, hakuna kitu. Wa nne, mayai yanatokeza.

Aol, mke wa askari polisi na mteja wake wa siku nyingi, amekwisha kufika. "Mama Dolphine, mimi nataka hiyo ya mayai. Funga kwa gazeti tu, nani ataona?"

"Leo hakuna, dada."

"Hakuna, na mimi naona?"

"Unaona, lakini siuzi."

Aol anasonya na kuhamia meza ya pili. Nabangala anafunika kasha na kupiga simu.

"Kaka, umenitumia wenye mayai."

"Huku ni halali," sauti ya Masinde inasikika. "Na nikiwaacha wapite, wavuvi wa Uganda watawachukua kwa siri. Nilale njaa ili wao washibe?"

Nabangala anakata simu na kuwahesabu samaki. Zamani kasha lilikuja na ningu sitini. Leo wamo kumi na wanane, wengine hawazidi kiganja.

"Tumewamaliza sisi," ananiambia. "Na mimi nimo."

Ijumaa wavuvi wa kingo zote mbili wanakutana, kuziomba serikali mbili zifunge uvuvi siku moja na kuufungua siku moja. Hakuna aliyemwalika, ila tiketi ya basi anayo. Anataka Masinde awe wa kwanza kuanika nyavu zake na kuacha kuvua, mbele ya wenzake wote, bila kungoja wa Uganda.

Na akikataa?

"Sipokei mzigo wake tena." Anavutavuta kanga. "Na ndiye aliyenisomesha. Kwa ningu haohao."