Kipindi cha Kumi na Moja

Kwa miezi minne mfululizo, fundi mmoja wa makochi aligombana na mteja wake kila Jumamosi kwa sababu ya rangi ya sare za watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Sare zenyewe zilikuwa za wafanyakazi wa Chombo Arobaini. Kwa asiyeijua, hiyo ni tamthilia ya televisheni kuhusu chombo kinachotangatanga angani kutafuta sayari ya kuhamia. Ile ya zamani ilikuwa na vipindi ishirini na sita. Ilionyeshwa kila Jumapili alasiri fundi akiwa na miaka saba, kisha ikatoweka. Miaka arobaini na kitu baadaye ikafufuliwa: chombo kipya, kamanda mpya, tena mwanamke, taa hafifu kiasi kwamba ukitazama mchana unajiona mwenyewe kwenye kioo, na sare za kijivu badala ya zile za njano. Wengine tuliitazama tukafurahi. Fundi aliitazama akaugua. Alilala siku mbili, mkewe akatuambia ni mgongo.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, mpole, mwenye kazi safi. Kochi likitoka mikononi mwake unaweza kuwarithisha wajukuu. Lakini ukimgusa pale kwenye Chombo Arobaini, upole wote unayeyuka. Mtaani tulimwita Kamanda, na jina hilo alilipokea bila hata tabasamu, kama mtu aliyepandishwa cheo kwa haki.

"Tazameni kile kiti cha kamanda wao mpya," alikuwa akituambia sisi majirani wa karakana, huku akinyoosha mkasi. "Ngozi ya bandia, sponji nyembamba, mkono wa kiti mmoja. Mmoja! Chombo kikiyumba huyo mama anashika wapi? Cha zamani kilikuwa na springi. Kamanda akikaa, kiti kinajibu."

Mteja wake alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, aliyeleta kochi lake la watu watatu libadilishwe kitambaa. Jumamosi ya kwanza alikuja kuuliza kazi imefika wapi, akateleza ulimi, akasema jana usiku alilia kwa ajili ya kamanda mpya. Basi. Kochi likasimama pale pale, limevuliwa nguo, gunia na kamba vikiwa nje. Kila Jumamosi mwalimu alikuja kulidai, akalikalia hivyo hivyo lilivyo, na mjadala ukaanza upya.

"Fundi, hebu niambie, mpya ina kosa gani hasa?"

"Wanalia mno. Kipindi kizima wanakumbatiana. Watahama saa ngapi?"

"Na wa zamani walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanafikiri, Mwalimu. Walikuwa na maneno. Mtu akifungua mdomo, unapata kitu cha kuondoka nacho."

"Maneno gani? Yataje."

Hapo ndipo fundi alipoweka mkasi chini, akavuta pumzi, akatusimulia kipindi cha kumi na moja. Tulikuwa tumekisikia mara zisizohesabika, na bado tulinyamaza. Chombo kimekwama kwenye sayari ya vumbi, kizito, hakiwezi kupaa. Lazima mmoja abaki. Anabaki Bati, yule roboti mkongwe. Bati anamwambia kamanda: usiniage, mimi sikuundwa na sehemu ya kuwekea kuagwa. Wewe nihesabie tu mpaka mia kwenye redio. Nikiisikia sauti yako nitajua bado upo. Basi chombo kinapaa, kamanda anahesabu, na sauti inafifia taratibu, mpaka tisini na nane hatuisikii tena, na hatujui kama alimaliza.

Akifika tisini na nane, fundi mwenyewe alikuwa anageuka kuutazama ukuta. Muuza vitambaa wa duka la pembeni, mtu mgumu asiyeongeza hata sentimita moja ya kitambaa, tulimwona akipenga kamasi. Mwalimu naye alitulia. Mara zote alitulia. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Hicho sawa. Nakubali. Kimoja."

Kwa hicho kimoja fundi alijenga dini nzima. Kulikuwa na kundi la mashabiki kwenye simu lililoitwa Chombo Arobaini Familia Moja. Likavunjika wiki ya pili. Wa zamani wakahamia kundi la Halisi. Halisi nalo likapasuka pale mtu mmoja aliposema msimu wa kwanza wa mpya una sehemu nzuri nzuri, na fundi akaanzisha Halisi Kabisa, lenye wanachama saba, wawili kati yao wakiwa ni yeye mwenyewe kwa laini zake mbili. Mwingine alikuwa muuza sponji, aliyeingia akidhani ni kundi la oda.

Siku moja habari zikaja kwamba kituo cha televisheni kimepata mikanda ya zamani kwenye ghala na kitaonyesha vipindi vyote ishirini na sita, viwili viwili kila Jumapili. Fundi alichanganyikiwa kwa furaha. Alitundika tangazo mlangoni kwa kalamu nene: NJOONI MUONE WENYEWE. Akapanga makochi ya wateja safu tatu, yale mafupi mbele. Mkewe akaleta televisheni ya nyumbani, akasema, "Baba watoto, ukishaona hivyo vipindi utarudi kulala mapema?" Akajibiwa kwamba historia haina haraka.

Jumapili ya kwanza watu walijaa. Muziki ukapigwa, fundi akafumba macho. Alipoyafumbua, sisi tulikuwa tunatazama chombo kilichotengenezwa kwa maboksi. Milango yake ilisukumwa na mtu ambaye vidole vyake vilionekana. Sayari ilikuwa shuka.

"Ule ni uzi?" akauliza muuza vitambaa. "Chombo kimefungwa uzi?"

"Ni makusudi," akasema fundi. "Inaonyesha udhaifu wa binadamu."

Jumapili ya pili alieleza kwamba vidole navyo vina maana yake. Ya tatu hakueleza kitu. Tuliona anakunja uso, anainama mbele, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye umati. Yale maneno aliyokuwa akitunukulia hayakuwa yanatokea. Kamanda wa zamani alisema zaidi "Twende!" na "Angalia nyuma!" Kiti chake, Mungu atusamehe, kilikuwa stuli.

"Subirini kumi na moja," alituambia. "Kumi na moja ndipo waliposhika kasi."

Jumapili ya sita kikaja. Hata kundi la wapya walikuja, wamejibana mlangoni. Mwalimu alikaa kwenye kochi lake, kitambaa cha kufutia machozi kimekaa tayari mapajani. Sayari ya vumbi ikaonekana kweli. Chombo kimekwama kweli. Bati akatokea, ndoo mbili zimeunganishwa, akakwama mlangoni. Kamanda akamsukuma. Akamsukuma tena. Kisha akampiga teke, Bati akaanguka nje, mlango ukafungwa, chombo kikapaa. Msaidizi akauliza, "Na Bati?" Kamanda akasema, "Tutapata lingine." Wote wakacheka, wakashikana mabega, muziki.

Sisi tungetamani mwalimu acheke, angalau jambo liishe. Hakucheka. Alikunja kitambaa chake, akakirudisha kwenye mkoba, akasema, "Pole, Fundi," na hiyo ndiyo iliyommaliza.

"Wamekata!" fundi aliruka. "Wamekikata hicho! Kuna njama!"

"Kina dakika ishirini na tano," akasema mwalimu kwa upole. "Kama vingine vyote. Nimepima."

Wiki ile Halisi Kabisa walitoa povu kweli kweli. Waliandika barua kwa kituo. Wakaunda kamati ya kudai dakika zilizoibwa, muuza sponji akachaguliwa katibu kwa vile hakuwepo. Lakini barua haitoshi bila shahidi, na shahidi fundi alikuwa naye: dada yake mkubwa, mkunga mstaafu aliyekaa mitaa mitatu kutoka pale, aliyekuwa akitazama naye kila Jumapili ya utoto wao.

Alikwenda alasiri ya Jumatano. Alimkuta dada kwenye veranda, miguu juu ya kigoda, anamenya vitunguu. Mimi nilikuwa nimemsindikiza, ndiyo maana naweza kuwasimulia.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umekonda. Mkeo hajambo?"

"Hajambo. Dada, nataka utie saini hapa. Unakumbuka Bati alivyoachwa, kamanda akamhesabia mpaka mia? Wamekikata. Wewe na mimi tulikiona kwa macho yetu."

Dada aliacha kumenya. Akamtazama mdogo wake muda mrefu, jinsi nadhani alivyokuwa akiwatazama akina baba kwenye chumba cha kusubiria cha wodi ya wazazi.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe ulikuwa huoni kitu."

"Sioni vipi?"

"Tulikuwa tunachungulia kwa jirani. Dirisha lake lilikuwa juu. Mimi nilisimama juu ya ndoo, wewe ulikaa chini ukanishika sketi. Ndoo ilikuwa moja. Ulikuwa unapiga kelele, Dada, wanafanya nini, Dada, wanasema nini. Nikawa nakusimulia."

"Basi ulinisimulia walichosema."

"Ningesikia wapi? Dirisha limefungwa, kioo kinene hivi. Ukiacha muziki, hakikutoka kitu. Niliona midomo inacheza tu. Mengine nilikuwa natunga."

Fundi alikaa kwenye ngazi. Futi kamba ikamteleza shingoni, hakuiokota.

"Yale maneno ya nahodha wa sayari ya giza?"

"Yangu."

"Malkia wa mvua aliyekataa kutawala?"

"Huyo hakuwepo kabisa. Siku hiyo jirani alifunga pazia."

"Na Bati?"

Hapo dada alichukua kitunguu kingine, akakigeuza geuza.

"Bati nilimwona akipigwa teke. Wakacheka. Nikaangalia chini, wewe umekodoa macho unasubiri. Na wiki ile baba alikuwa amehamishiwa kazi kule mbali, ameondoka asubuhi tukiwa tumelala, na wewe ulikuwa hutaki kula. Nikaona nikikwambia ukweli wa wale watu wa maboksi, nitakubeba mpaka nyumbani unalia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mgongo unauma. Nikakupa kuhesabu. Ulijua kuhesabu mpaka mia, ulikuwa unajivunia sana."

Macho yangu yalikuwa yananiwasha, na sidhani ni vitunguu peke yake.

"Kwa hiyo," fundi akasema mwishowe, "tamthilia bora kuliko zote duniani ni yako."

"Sijui mambo ya bora. Ile ya zamani mimi siipendi, ilikuwa takataka. Mpya ndiyo tamthilia. Nimefika msimu wa tatu, na ukinitobolea mbele kunatokea nini, nitakufukuza hapa."

Kesho yake fundi hakufungua karakana. Ijumaa alifungua, akafanya kazi kama amepagawa: kochi la mwalimu lililokaa miezi minne alilimaliza kwa siku moja, springi mpya, kitambaa cha bluu, mshono umenyooka utadhani umepigwa rula. Jumamosi mwalimu alipofika, sote tukiwepo, fundi alipiga moyo konde akatueleza yote, ndoo, sketi, pazia, bila kuficha hata la malkia wa mvua.

Tulitarajia wapya washangilie. Lakini mwalimu alikaa kwenye kochi lake jipya, akakuna kichwa, akauliza, "Huyo dada yako ana nafasi Jumapili?"

Dada alikuja, kwa masharti: apewe kiti chenye mgongo, na asikatizwe. Televisheni ikawekwa mbele, sauti ikazimwa kabisa, vipindi vya kumi na tatu na kumi na nne vikaanza, na yeye akatazama midomo inavyocheza akatuambia wanasema nini. Maboksi yakawa chombo. Shuka likawa sayari, na baridi yake tukaisikia. Kamanda yule aliyempiga mwenzake teke alianza, kidogo kidogo, kuonekana mtu anayekosa usingizi kwa alichokifanya. Fundi alikaa chini sakafuni, karibu na miguu ya dada yake, mtu mzima mwenye tumbo, na hakuna aliyemcheka.

Mkewe ndiye aliyemuuliza nyumbani kama sasa ameacha ubishi. Alijibu kwamba ameacha. Jumapili jioni alikuwa anakwenda kwa dada kutazama ile mpya, na alikiri kwetu kwamba msimu wa pili una sehemu nzuri nzuri, ingawa kiti bado ni aibu. Kundi la Halisi Kabisa akalifuta kwa mkono wake mwenyewe, laini zote mbili.

Sasa ni miezi mitano. Vipindi ishirini na sita vimekwisha, kituo kinavirudia tangu mwanzo, na mara hii dada anasimulia tofauti, maana anasema mtu hawezi kukumbuka kila uongo. Bati safari hii amerudi. Jumamosi iliyopita nimemkuta muuza vitambaa amesimama katikati ya karakana, mishipa ya shingo imemtoka, anamwambia mwalimu kwamba dada wa mara ya kwanza alikuwa bora, alikuwa na maneno, huyu wa sasa anawaliza watu mno. Mwalimu anamwambia hajui kitu. Na muuza sponji, ambaye hakuwahi kufika hata Jumapili moja, ameshafungua kundi.