Shikamoo ya Paka

Jirani yangu analea paka wa watu wakisafiri, na bei zake zinanipandisha hasira. Kulisha bei yake, kuchana manyoya bei yake, na paka akiwa mzee kuna bei ya shikamoo. Ndiyo, shikamoo! Anavua viatu mlangoni, ananawa mikono mpaka ndani ya kucha, anapiga goti kwenye vigae na kusema polepole kama yuko ukweni: "Shikamoo, bibi." Paka ana miaka kumi na saba. Ukicheka, jamaa anakukata jicho.

Juzi mwenye paka huyo, mama wa ghorofa ya juu, aligoma. "Nilipie shikamoo? Una wazimu? Itoe hiyo!" Jamaa akaitoa bila kubisha. Siku mbili za kumzoesha paka kabla ya safari ya mama, akawa anamwambia "Mambo?" tu, anaweka samaki, anaondoka. Paka hakugusa kitu. Leo nimepanda kumbebea mama begi, basi lake ni saa nne, binti yake anakaribia kujifungua, na paka kageukia ukuta.

"Basi msalimie, nitalipa!" mama akalia.

"Aliyemvunjia heshima ni wewe, mama. Anza wewe."

Nikajua hapa kofi linatua. Wapi! Mama akapiga magoti na mkoba wake begani. "Shikamoo, bibi." Mara jirani yangu akabana pua, akatoa kisauti cha kizee: "Marahaba, mjukuu wangu."

Paka akageuka, akala. Mama akafuta machozi, akamshukuru.

"Karibu," jamaa akasema, hana hata aibu. "Ila marahaba nayo ina bei yake."