Burl Stamey na Mzunguko wa Mwisho

Kama wote wanaodai walikuwepo Hominy Ridge siku ile wangekuwepo kweli, jukwaa lingeporomoka kabla mbio hazijaanza. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo, udongo mwekundu mtupu uliochongwa ubavuni mwa kilima, na mbao za kukalia zilikuwa za kugombania. Lakini leo, hapa Sorrel Gap, humpati mtu mwenye mvi atakayekuambia kwamba siku ya mbio za mwaka sitini na sita alikuwa nyumbani akikata majani. Hata Garland Teague anasema alikuwepo na anakumbuka kila kitu, na Garland mwaka ule alikuwa bado ananyonya kidole.

Mimi nilikuwepo, na nilichokiona nitakisema: vumbi. Gari la kumwagia uwanja maji lilikuwa limeharibika, mwezi ulikuwa Agosti na mvua ilikuwa imetusahau. Mizunguko michache tu, hatukuona gari tena. Tuliona wingu jekundu likinguruma. Hakuna aliyeondoka. Watu wa kwetu hawaendi kwenye mbio bila redio ndogo ya betri, na kila mmoja alikuwa na yake sikioni, akimsikiliza shemeji yangu Burl Stamey akimweleza yanayotokea mbele ya pua yake.

Burl ni mdogo wa marehemu mume wangu, Clete. Wamezaliwa kwenye nyumba za kiwanda cha pamba, watoto wa msokota nyuzi. Siku za kazi Burl aliuza mbolea na chakula cha mifugo, na mwisho wa wiki alitangaza redioni. Mungu alimnyima urefu, akamnyima na nywele mapema, kisha akaona amemwonea, akamfidia kwa sauti. Burl akisoma tangazo la mbwa aliyepotea, watu waliacha sahani mezani wakatoka kumtafuta. Akisoma bei ya nguruwe, nilijua wanawake walioacha kupiga pasi wakae chini wasikilize. Corinne, mkewe, aliniambia kwamba alimpenda redioni kwanza, na siku alipomwona kwa macho ilikuwa ameshachelewa kubadili nia. Walielewana mpaka Burl alipomzika.

Basi siku ile Burl alikuwa kwenye kibanda chake cha mbao juu ya jukwaa, kipaza sauti mkononi. Mzunguko wa mwisho Talmadge Yount alikuwa mbele na gari lake Namba 31, Junie Causby akimfuata na Namba 8. Wakaingia kona ya tatu. Sauti ya Burl ikashuka, ikawa kama ya mtu anayeleta habari za msiba. "Talmadge anaondoa mguu kwenye mafuta," akasema. "Jamani, amekanyaga breki. Kijana ameogopa." Vumbi lilipotua, kweli Causby alikuwa ameshinda, na sisi sote tukarudi nyumbani tukiwa tumemwona Talmadge Yount, kwa macho yetu wenyewe, akiogopa.

Mji mdogo hauna kazi nyingi, kwa hiyo jambo kama hilo linatunzwa. Talmadge akaitwa Breki. Jina lake nalo likageuka kitendo. Mtu akisuasua kwenye njia panda, wa nyuma anapiga honi na kumwambia aache kutalmadge. Vijana wanasema hivyo hadi leo, na wengi hawajui kuwa Talmadge ni mtu na anaishi nyuma ya kanisa la Wabaptisti. Mwenyewe aliacha mbio mwaka uleule, akaendesha lori la maziwa mpaka alipostaafu. Jinsi alivyoliendesha taratibu haikumsaidia.

Mimi nina mkahawa wa samaki kando ya mto, na kila Agosti, Jumamosi mchana, mashabiki wa zamani wanakuja kwangu kuzikumbuka mbio hizo. Wanakula kambare wa kukaanga, kabichi na vitumbua vya unga wa mahindi, wanakunywa chai baridi yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na wanabishana. Siku hiyo karanga za maganda haziingii mlangoni kwangu, kwani karanga ni mkosi kwenye mbio, na hao wazee wakiziona hawatakula. Burl hukaa meza ya mbele kama bwana harusi. Talmadge hajawahi kuja.

Mwaka huu mambo yalichacha. Lacey, mjukuu wa Talmadge, binti aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mchanga, alichumbiwa na mjukuu wa Garland. Kwenye chakula cha uchumba Garland akasimama na glasi yake. Garland ni kinyozi mstaafu na ulimi wake haujastaafu. Akasema anafurahi familia kuungana, ila anamwomba Mungu siku ya harusi, babu atakapomleta bibi harusi, asikanyage breki katikati ya kanisa. Ukumbi mzima ukacheka. Talmadge akachukua kofia yake na kutoka. Kesho yake alimwambia Lacey kwamba anampenda kuliko roho yake, lakini kanisani hatampeleka. Atafute mtu mwingine, yeye hatatembea mbele ya watu wale wahesabu hatua zake.

Lacey anafanya kazi kwangu, na wiki ile alipeleka sahani mezani akiwa na macho mekundu. Burl alikuwa anakula. Alimuuliza, akaelezwa, akaacha samaki wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Binti alipoondoka, akanivuta kando.

"Nola," akaniambia, "sikuona kitu siku ile."

"Nani aliona, shemeji?"

"Hunielewi. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia nyinyi. Vumbi lilijaa mpaka ndani ya kibanda, hata mkono wangu sikuuona. Nilisikia injini moja imepungua sauti, basi. Redioni huwezi kunyamaza. Nikatunga."

"Ukatunga kwamba mtu ni mwoga."

"Ilikaa vizuri mdomoni," akasema Burl, na machozi yakamlengalenga.

Nilimpa maneno yake, siyaandiki hapa. Nilipomaliza tukakubaliana kwamba kwenye mkutano wa Agosti atasimama na kusema ukweli, na Lacey atafanya kila awezalo kumleta babu yake. Lacey alimleta kwa mlango wa nyuma. Talmadge, mzee mrefu, mikono mikubwa, alikataa kata kata kuingia ukumbini. Akakaa jikoni kwangu kwenye ndoo ya mafuta iliyofunikwa, karibu na dirisha la kupitishia sahani, akisema amekuja kusaidia kumenya vitunguu.

Burl akasimama. Akawaambia kila kitu: vumbi, kibanda, injini, uongo. Nikategemea ukumbi utanyamaza kwa aibu.

"Kaa chini, Burl, umechoka," akasema Garland. "Joto hili si la watu wa umri wako."

"Sijachoka. Nakwambia sikuona."

"Wewe hukuona, sawa. Macho yako yalikuwa mabovu tangu zamani. Sisi tuliona."

"Uliona nini, Garland? Ulikuwa na miaka minne."

"Nilikuwa mabegani kwa baba. Niliona taa za breki."

"Gari la mbio halina taa za breki."

"Lile lilikuwa nazo," akasema Garland, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Wilma Jean Setzer, ambaye ni mwenye akili kuliko wote pale, akamwegemea jirani yake na kusema kwamba hivi ndivyo ilivyoanza kwa mama yake pia, kwanza alisahau mbio, baadaye akasahau watoto. Mtu akamletea Burl glasi ya maji. Mwingine akauliza kama ana anayempikia.

Nilichungulia jikoni. Talmadge alikuwa ameshika kisu na kitunguu, hamenyi. Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Watu wanaweza kukubali kwamba mtangazaji alidanganya, lakini si kwamba wao walidanganywa.

Burl alinitazama. Kisha akatembea hadi kaunta, akachukua kipaza sauti ninachotumia kuwaita wateja meza zao zikiwa tayari. Akakohoa.

Sijui niwaelezeje sauti ile. Mwili wa Burl umezeeka wote, lakini koo limebaki kule kule mwaka sitini na sita. Akaanza taratibu, magari yakitoka kona ya pili, Talmadge mbele, Causby akimnusa nyuma. Vijiko vikatulia. Nikawaona wazee wanasogea mbele vitini, na mmoja, nakuapia, mkono wake ukapanda sikioni kana kwamba ameshika redio.

"Wanaingia kona ya tatu," akasema Burl, "na tairi limepasuka. Talmadge amepasukiwa tairi la mbele. Usukani unamvuta kushoto, Causby yuko kushoto, akiachia gari liende watakufa wawili. Hakubali. Jamani, hakubali. Anakanyaga breki, anampisha mwenzake, anapoteza mbio. Namba 8 inapita. Mwangalieni Talmadge Yount, watu wa Sorrel Gap, mwangalieni vizuri, hamtamwona mwingine."

Akaweka kipaza sauti chini.

"Lile tairi," akasema Garland polepole. "Mimi nilisikia harufu ya mpira."

"Mlio ulikuwa kama bunduki," akasema mwingine. "Nilimwambia mke wangu palepale."

"Kipande kiliruka mpaka kwetu," akasema Wilma Jean. "Dada yangu alikiweka mpaka alipohama."

Walianza kugombana nani aliona kwanza. Garland alinyanyuka, akasukuma mlango wa jikoni, akamkuta Talmadge kwenye ndoo. Akasema, "Bwana Talmadge, mimi nimekuwa mjinga. Tairi lile niliona. Sijui nilisahau vipi."

Talmadge akamtazama Lacey, aliyekuwa amesimama na sinia lake akilia waziwazi. Akafuta mikono. "Yamepita," akasema. Garland akamshika mkono bila kuuachia, akamvuta mpaka ukumbini, na watu wakasimama. Walimlisha mpaka nikauhofia moyo wake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mto, niliwarudisha wazee wawili nyumbani kwa gari langu la mizigo, kwa kuwa Burl haendeshi tena na Lacey alikuwa na vyombo vya kuosha. Tulikaa watatu mbele, mimi usukani, Burl katikati kwa ufupi wake. Tukapita ghala la mbolea.

"Burl," akasema Talmadge. "Tairi langu lilikuwa zima."

"Najua. Yaani sijui. Nilitunga, kama nilivyotunga lile la kwanza."

"La kwanza hukuliona kabisa?"

"Niliona vumbi. Nimekwambia mbele ya watu wote."

Talmadge akamgeukia. "Basi ulijuaje?"

Nilipunguza mwendo bila kukusudia.

"Niliingia kona ya tatu sioni kitu," akasema. "Nilikuwa mbele, hakuna hata gari la kufuata, wekundu tu. Mguu ukanyanyuka wenyewe. Kisha nikakanyaga breki. Niliogopa, Burl, kama ulivyosema. Hapo hapo uliposema. Miaka hamsini na zaidi nimekuchukia kwa sababu kwenye vumbi lote lile kulikuwa na mtu mmoja aliyeniona, na mtu mwenyewe ana kipaza sauti."

Burl alishika dashibodi kwa mikono miwili. Nilimgusa goti. Niliwaonea huruma wote wawili, sijui yupi zaidi.

"Turudi?" Burl akauliza. "Niwaambie?"

"Ukirudi nitashuka nikuache hapa barabarani na shemeji yako," akasema Talmadge. "Ukweli nimekaa nao miaka yote hiyo, umenitosha. Nina mjukuu wa kupeleka kanisani mwezi ujao. Na mimi niache nikae na uongo kidogo."

Tukaendelea. Nyuma yetu gari lilipiga honi, nikalipisha. Tulipokaribia kanisa la Wabaptisti, Talmadge akavua kofia na kuiweka gotini.

"Hebu rudia," akasema. "Pale kwenye tairi."

Burl alisita, akakohoa, akaanza kwa sauti ya chini, ya sisi watatu tu. Kona ya pili. Causby nyuma. Wanaingia ya tatu, tairi linapasuka, usukani unamvuta kushoto.

"Kulia," akasema Talmadge.

"Nini?"

"Usukani ulinivuta kulia. Kushoto nilikuwa navuta mimi." Mikono yake mikubwa ilikuwa imeinuka mbele yake, imeshika usukani ambao haupo. "Nakumbuka vizuri."