Majivu Kwenye Kibanja cha Mama

Mimi ni nesi, na nina hasira za karibu. Nasema mapema ili usije ukashangaa mbele. Zahanati ninayofanyia kazi iko Muleba, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Izigo, na imepakana na kibanja cha wazazi wangu. Siku za kazi nalala kwao. Ijumaa napanda basi kwenda Bukoba, kwangu Nshambya, kwa mume na watoto. Nyuma ya zahanati, pale uzio unapoishia na migomba inapoanza, kuna shimo tunalochomea taka.

Tunachoma glovu, mabomba ya sindano, chupa za dripu, pamba zenye damu. Plastiki ile ikishika moto, moshi wake ni mweusi na unakaba koo, na upepo ukitoka ziwani unausukuma moja kwa moja hadi jikoni kwa mama. Yeye alikuwa anafunga dirisha na kuuliza, "Leo mmepika nini huko, waitu?" Alikuwa anatania, lakini mimi nilitamani ardhi inimeze. Sisi ndio tunaowahubiria kina mama wasikae na watoto kwenye moshi!

Kisha nikapelekwa semina mjini, kuhusu kuendesha zahanati bila kuharibu mazingira. Nilirudi nimewaka. Tukaanza kutenga taka kwa ndoo za rangi: makaratasi na mabaki ya chakula yaende kwenye mboji, plastiki kivyake, sindano kwenye masanduku yake. Tuliahidiwa gari la kuja kuchukua taka za hatari zikachomwe kwenye tanuri la kisasa. Gari lilikuja kweli, likaja tena, halafu likaacha. Nilipiga simu mpaka wakaacha kupokea. Mara halina mafuta, mara limeharibika, mara dereva amesafiri. Masanduku ya sindano yakajaa stoo, yakahamia chumba cha kujifungulia, na siku nilipokuta mjamzito ameweka chai yake juu ya sanduku mojawapo, nilitukana hadharani. Mganga mfawidhi akanishika bega. "Dada, tuchome tu. Tutafanyaje?" Tukarudi shimoni.

Sasa, kama wewe si wa huku, lazima ujue habari ya kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba. Kwetu hakuna kinachotupwa. Maganda ya ndizi, makapi ya kahawa, nyasi, samadi, majivu ya jikoni, vyote vinarudi kwenye migomba. Majivu hasa, wazee huyamwaga shinani kuzuia fukusi, wale wadudu wanaotoboa mgomba. Na mle ndani mwanamke hapalili kwa jembe, maana jembe linakata mizizi. Anainama, anang'oa magugu kwa mikono, miguu peku juu ya nyasi zilizotandazwa. Mama yangu amefanya hivyo tangu alipoolewa. Ungekiona kibanja chake ungedhani kimefagiliwa. Wenzake wa kwaya, maana sisi ni Walutheri, walikuwa wanakuja kukitazama na kumtania kwamba hata usingizini anapalilia. Alijivunia waziwazi, hakuwa na unyenyekevu hata chembe katika hilo.

Asubuhi moja nilikuwa napima watoto uzito nikamsikia ananiita kutoka nyuma ya uzio. Hakupiga kelele. Nilimkuta katikati ya migomba, mkono wa kushoto umeushika wa kulia. Chini ya kidole gumba ilikuwa imemchoma sindano. Bomba lake lilikuwa limeyeyuka, limebaki donge jeusi, lakini chuma kilikuwa kizima kabisa.

Nikainama kutazama shina la mgomba. Majivu. Si ya jikoni, haya yalikuwa na vipande vya plastiki vilivyojikunja. Nikaenda shina la pili, la tatu, ni yale yale.

"Nani kaleta hii?" nikapaza sauti.

Baba akatokea nyuma ya nyumba na toroli lake. "Mimi. Fukusi wamezidi mwaka huu."

"Tata! Umeyatoa shimoni kwetu?"

"Si mmeshayachoma? Moto unaua kila kitu. Majivu ni majivu." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwendawazimu.

Kumbe kila tulipochoma alisubiri yapoe, akaja kuyachota, na mlinzi wetu akamfungulia geti na kumshukuru kwa kutupunguzia uchafu. Jamani! Nilimfokea baba yangu mbele ya wagonjwa, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na wala sikujali. Akaweka toroli chini, akaingia ndani.

Nilimwosha mama kwa maji na sabuni, nikampeleka Bukoba hospitali. Akaanzishiwa dawa za kinga, zile zile wanazotumia watu wanaoishi na virusi. Zilimtapisha, zikamwondolea hamu ya kula. Alikaa kwangu Nshambya, anavificha vidonge kwenye pochi ya kanisani, anaogopa mtu asije akaviona na kujiuliza bibi kizee huyu kavipata wapi na kwa lipi. Nilikonda mimi kuliko yeye. Vipimo vya mwisho viliporudi ni safi, nililia pale kwenye korido kama mtoto, na nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Mimi na mume wangu tuliingia kibanjani na mabuti na reki, tukafunua nyasi, tukakusanya majivu. Tulifanya hivyo wikiendi baada ya wikiendi. Tukidhani tumemaliza upande mmoja, mvua inanyesha, na unajua mvua ya Kagera, kesho yake unaona chuma kingine kinang'aa kwenye udongo. Na hayo tuliyokusanya tunayapeleka wapi? Shimoni! Pengine pa kuyapeleka hapakuwepo. Nilikaa chini kwenye matope nikacheka, na mume wangu akaniambia nyamaza, unanitisha.

Mama alirudi kwake. Nilimnunulia mabuti na glovu nene za kazi, akavaa kuniridhisha. Akajaribu kung'oa magugu, akavua glovu, akavaa tena. "Sisikii kitu," akasema. "Sijui nimeshika gugu au nimeshika chipukizi." Baadaye akaacha kuingia. Magugu yakapanda hadi magotini. Wale wa kwaya hawaji tena kutazama, na wakipita njiani wanageuza macho kwa heshima, ambayo ni mbaya kuliko kucheka. Siku moja nilimkuta gulioni Izigo ananunua mkungu wa ndizi. Mama yangu, ananunua ndizi! Alijifunika kanga mpaka machoni, nami nikapita upande wa pili nisimwaibishe. Baba hasemi na mtu. Anakwepa hata salamu yangu, na mimi sijui tena nimsamehe au nimwombe yeye anisamehe.

Wiki iliyopita jioni tulikaa barazani, mimi na mama. Zahanati walikuwa wamewasha moto na moshi ulikuwa unatujia, lakini hakuinuka kufunga dirisha. Alikuwa anatazama kibanjani, kule chini yaliko makaburi ya babu na bibi na ya mdogo wangu aliyefariki akiwa mchanga. Njia ya kwenda huko ilikuwa imeshafungwa na magugu. Mimi nilikuwa naongea, nakumbuka, nilikuwa nalalamika kuhusu gari na simu zisizopokelewa.

"Siku mtakayonizika," mama akanikatiza, taratibu kabisa, "waambie wachimbaji wavae viatu."

Nilitaka kumkemea kwamba aache maneno hayo. Nilitaka kumwahidi kwamba tutakisafisha kibanja chote. Nilimwangalia usoni, nikaona anasubiri jibu la kweli, si la kubembelezwa.

Nikamwambia nitawaambia.